Gari la Adhuhuri

Landrova ilikohoa mara mbili, ikajikokota hatua chache, ikazima kwenye kilima cha mbele ya Sindeni, njia ya Korogwe, pale pale ilipozima safari iliyopita na ile iliyotangulia. Athuman akavuta breki ya mkono, akaweka mikono yake juu ya usukani. Hakuna aliyemwuliza kitu. Huko nyuma, kwenye magunia ya mahindi na matenga ya kuku, abiria walikwisha kuanza kuteremka bila kuambiwa.

"Haya jamani, shukeni," alisema Kudra, mchuuzi wa kuku, akijifunga upya khanga yake kiunoni. "Gari la watu limesikia adhana. Adhuhuri imeingia."

Watu wakaangua kicheko. Mwaija, aliyekuwa amekaa mbele pamoja na mumewe Athuman, naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni wake. Jina hilo lilikuwa limeshasambaa soko zima la Handeni. Gari lao, walilolinunua mnadani mwaka ule shamba la mkonge lilipouza mali zake, sasa liliitwa Adhuhuri, kwa sababu asubuhi lilitoka mjini likinguruma, na jua likifika utosini linasimama na kukataa kwenda.

Haukupita muda, ikaja pikapu nyeupe ya Kijapani, moja ya zile zilizoanza kujaa barabarani tangu biashara ilipofunguliwa. Dereva wake alipiga honi, akasimama mbele ya Landrova, akawachukua abiria wote kama mtu anayeokota embe zilizodondoka. Kudra ndiye aliyekuwa wa mwisho kupanda. Alirudi dirishani kwa Mwaija.

"Mwenzangu, usinione vibaya. Kuku hawa wakinifia juani nitamdai nani?"

"Nenda tu Kudra. Hata ningekuwa mimi ningekwenda."

Pikapu ilipopotea kwenye vumbi, Athuman alijaribu stata. Landrova ikawaka mara moja, safi kabisa, kama mtoto aliyekuwa anajifanya amelala.

*

Fundi wa gari hilo alikuwa Awadhi, mdogo wake Mwaija wa tumbo moja. Alikuwa na banda lake la mabati pale Chanika, kando ya wauza mkaa, na tangu Landrova iingie katika nyumba yao hakuna mkono mwingine uliokuwa umeigusa. Alikwisha kubadilisha platini, akabadilisha koili, akabadilisha plagi zote, mwisho akafunga pampu mpya ya mafuta iliyotoka dukani ndani ya boksi la rangi nzuri. Kila mara alilijaribu gari kwa kulizungusha Chanika yote, likaenda kama jipya. Na kila mara lilirudi.

Siku hiyo Athuman hakuzima hata injini vizuri. Aliteremka na kuanza kusema kabla mlango haujafungwa.

"Shemeji, nimechoka. Wewe unacheza na gari langu. Kila kukicha leta hela ya spea hii, leta hela ya spea ile. Hivi wewe ni fundi au ni wakala wa maduka?"

Bandani kulikuwa na watu. Kulikuwa na wauza mkaa, kulikuwa na mzee mmoja aliyeleta baiskeli, na vijana wawili waliokuwa wakicheza bao. Wote waligeuka kutazama. Awadhi alikuwa ameinama kwenye tairi. Aliinuka polepole akifuta mikono kwa kitambaa, ingawa mikono haikuwa na grisi.

"Shemeji, mimi kilichokuwa kibovu ndicho nilichokitoa."

"Basi gari zima ni bovu isipokuwa wewe!"

"Baba Hajira," alisema Mwaija kwa sauti ya chini, "twende nyumbani."

"Twende, ndiyo. Na gari hili humu ndani halirudi tena. Mafundi hawajaisha duniani."

Mwaija alimtazama mdogo wake. Awadhi alikuwa anatazama chini, akiendelea kufuta mikono. Yeye ndiye aliyembeba Awadhi mgongoni kila mama yao alipokwenda kisimani, na leo alimwona ametukanwa mbele ya wauza mkaa, naye hakupata neno la kusema. Walipokuwa wanaondoka, kijana mmoja wa bao alinong'ona jambo, na mwenzake akacheka.

*

Siku iliyofuata, Mwaija alikuwa uani anapepeta mchele alipokuja Soila, mke wa Koikai. Koikai alikuwa mfugaji wa huko mbugani nje ya mji, na nyumba hizo mbili zilijuana kwa miaka mingi. Athuman ndiye aliyekuwa akiwapelekea mahindi na kuwachukulia ndama kwenda mnadani. Jumamosi ya wiki ile binti yao, Naitoi, alikuwa anaolewa na kijana aitwaye Leboo, mwalimu wa shule ya msingi huko Korogwe. Harusi ilikuwa ifungwe kanisani huko huko, na Landrova ndiyo iliyokuwa imchukue bibi harusi na wazee wake.

Soila aliketi kwenye kigoda, shanga zake zikagongana kidogo, akapokea maji, akanywa. Waliulizana hali za watoto, za ng'ombe na za mvua. Kisha akasema moja kwa moja, kama ilivyokuwa tabia yake.

"Mama Hajira, nimepita sokoni. Watu wananiambia gari lenu linasimama adhuhuri."

Mwaija aliacha ungo. "Watu wanapenda kusema."

"Wanapenda, ndiyo. Lakini linasimama au halisimami?"

"Linasimama."

Soila aliitikia kwa kichwa. "Basi ahsante kwa kuniambia. Mimi sikuja kugombana. Yule bwana wa pikapu nyeupe amemfuata Koikai, anataka hiyo kazi. Koikai amemwambia kazi ina mwenyewe. Lakini mimi ni mama. Mwanangu hawezi kukaa barabarani na gauni lake jeupe, watu wanapita wanamtazama kama mzigo ulioanguka. Kama halitapona, niambie kabla Ijumaa haijaisha. Sitakasirika. Ukinificha ndipo nitakasirika."

"Sitakuficha."

"Najua." Soila aliinuka. Mlangoni aligeuka. "Naitoi mwenyewe ndiye anayelitaka gari lenu. Anasema pikapu ile haina nafasi ya bibi zake."

Mwaija aliendelea kupepeta, lakini mawazo yalikuwa mbali. Kazi ya Koikai ikiondoka, kazi nyingine nazo zingeifuata. Sokoni watu hawangesema tena kwamba gari la Athuman linaumwa, wangesema limekufa.

*

Kesho yake wakaondoka alfajiri kwenda kutafuta fundi. Athuman hakutaka mke aje, lakini Mwaija alikwisha kukaa mbele na khanga yake kichwani.

Walianzia Segera, njia panda, mahali ambapo mafundi hawakosekani. Wa kwanza alisikiliza huku akitafuna hindi la kuchoma, na kabla boneti haijafunguliwa alisema gasketi ya silinda hedi imeungua. Wa pili alisema kabureta, tena akaanza kuishika na bisibisi mpaka Athuman akamzuia. Wa tatu aliuliza gari lilikuwa la nani zamani, akaambiwa ni la shamba la mkonge, akasema basi lina jini la mzungu. Wakacheka, wakanunua machungwa, wakaondoka.

Korogwe kulikuwa na gereji kubwa iliyofunguliwa mwaka huo. Ilikuwa na ukuta, lango, na picha ya gari ambalo hakuna mtu wa Handeni aliyewahi kulipanda. Karani alimpa Athuman kiti. Mwaija akabaki amesimama. Mkubwa wa hapo, bwana mwenye koti jeupe, aliiendesha Landrova kuzunguka uwanja mara moja tu. Haikukohoa.

"Injini imechoka," alisema. "Tutaiteremsha, tutaifungua yote."

"Tatizo lake hasa ni nini?" aliuliza Mwaija.

"Tukishafungua ndiyo tutajua, mama."

"Na mkifungua msilione?"

Bwana yule akamgeukia Athuman na kutabasamu. "Mzee, hebu njoo tuongee sisi wanaume huku ndani."

Athuman aliingia. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyeheshimiwa sana. Alisema watu wale wana vyombo, wana risiti, wana kila kitu. Ila wanataka gari likae nao wiki mbili.

"Na Jumamosi?"

Athuman akaenda kufungua mlango wa gari.

Mahali pa mwisho palikuwa Manundu, humo humo Korogwe, uani nyuma ya duka la saruji. Muuza machungwa wa Segera ndiye aliyewatajia. Fundi aliitwa Lukasi, mtu wa makamo, aliyekuwa karakana ya mkonge mpaka walipopunguzwa kazini. Hakuwa na ukuta wala karani. Alikuwa anakula muhogo, akawakaribisha, akakisogeza kiti kimoja kilichokuwepo mpaka kwa Mwaija.

"Shikamoo," alisema Mwaija.

"Marahaba, mama. Haya, linaumwaje?"

Walipomweleza, hakufungua boneti. Aliuliza. Linazima likiwa na mzigo au tupu? Mvua ikinyesha je? Linazima ghafla au linakohoa kwanza? Likizima mnakaa muda gani? Nani analitengeneza? Athuman alijibu mawili matatu akachoka, Mwaija akaendelea kujibu. Kisha Lukasi akaliendesha mpaka barabara kuu na kurudi. Akazima, akafikiri.

"Sijui," alisema.

"Hujui nini?" Athuman aliuliza.

"Sijui linaumwa nini. Sasa hivi ni zima hili. Nikilifungua leo nitakuwa nabahatisha kwa hela zenu. Nichukueni twende nalo hiyo safari yenu, kwa mzigo ule ule na njia ile ile, mpaka lizime mbele yangu. Na aje huyo fundi wenu wa nyumbani."

"Huyo ndiye aliyeliharibu!"

"Inawezekana. Lakini yeye ndiye anayejua alichotoa na alichoweka. Mimi peke yangu nitaanza upya, na muda hamna."

*

Walikunywa chai kwenye kibanda karibu na stendi ya mabasi. Athuman alikoroga kikombe mpaka chai ikamwagika.

"Tumetoka Handeni mpaka huku kuja kuambiwa sijui? Sijui hata mimi ninayo nyumbani."

"Yako huitoi," alisema Mwaija.

Athuman alimtazama, hakujua acheke au akasirike.

"Baba Hajira, tangu asubuhi tumekutana na watu wanaojua. Mmoja anajua gasketi, mmoja anajua kabureta, mmoja anajua jini. Yule wa koti jeupe anajua injini yote. Huyu peke yake ndiye aliyeuliza. Mimi nataka huyu."

"Na Awadhi? Nikamwambie nini, baada ya maneno yale?"

Mwaija alimaliza chai yake. "Wewe usiende. Nitakwenda mimi."

Athuman alikisukuma kikombe chake kando. Halafu alisema, akitazama mabasi, "Mwambie... basi, mwambie tunamwomba." Neno hilo la tunamwomba Mwaija alilibeba njia nzima kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba mayai.

*

Awadhi alimkaribisha dada yake kwa heshima zote, akamtandikia gunia juu ya boksi la vyuma, akaenda kumnunulia soda. Hapo Mwaija akajua kwamba ameumia kweli. Soda ni ya wageni.

"Nimesikia mmekwenda Korogwe," alisema Awadhi. "Mmepata fundi?"

"Tumempata. Amesema hajui."

Awadhi aliinua uso.

"Amesema hawezi kufanya kitu mpaka uwepo wewe. Na shemeji yako amesema tunakuomba. Amesema hivyo hivyo, tunakuomba. Na mimi mwenyewe nakuomba, kwa sababu siku ile nilisimama pale nikakaa kimya, na sikupaswa kukaa kimya."

Awadhi aliichezea spana moja mikononi, akaigeuza huku na huku.

"Dada, unajua kinachoniuma? Si kutukanwa. Fundi hutukanwa. Kinachoniuma ni kwamba kweli sijui. Usiku nalala nalifungua gari lile kichwani, plagi kwa plagi, nalifunga, linaenda. Halafu asubuhi nasikia limezima tena." Akacheka kidogo. "Huyo mtu kasema hajui, mbele ya wateja?"

"Mbele ya Athuman."

"Basi nitakwenda kumwona kwa macho yangu."

*

Ijumaa asubuhi walijaza mafuta Handeni kama kawaida, wakapakia magunia, wakaondoka. Lukasi, aliyekuja kwa basi la jana, alikaa mbele na Athuman. Mwaija na Awadhi walikaa nyuma juu ya mahindi. Athuman na Awadhi walikuwa wamesalimiana, hujambo sijambo, basi.

Walipopita Sindeni, kila mtu alikuwa anasubiri. Kwa mara ya kwanza Mwaija aliomba gari lake lizime. Na likazima, pale pale kilimani, likikohoa mara mbili.

"Mtu asiguse kitu!" alisema Lukasi. Aliruka chini kama kijana, akafungua boneti, akalegeza mrija unaoingia kwenye kabureta, akamwambia Athuman apige stata. Mrija ulikuwa mkavu.

"Mafuta hayafiki," alisema. "Umeme upo."

"Pampu nimefunga mpya," alisema Awadhi haraka.

"Naiona. Ni nzima, inahangaika. Inavuta haipati. Tangi lina mafuta?"

"Tumejaza asubuhi," alisema Athuman.

Awadhi aliokota kijiti kando ya barabara ili apime. Akamwomba shemeji yake ufunguo wa kifuniko cha tangi, akauzungusha, akakivuta kifuniko. Hapo wote wakasikia: fyuuuuu, sauti ndefu, kama mzee anayevuta uji wa moto.

Awadhi alibaki na kifuniko mkononi, mdomo wazi.

"Limekuwa linanyonya hewa," alisema. "Jamani! Limekuwa halipumui!"

Lukasi alikichukua kifuniko, akakigeuza juani. Kilikuwa kizuri, cheupe, kinang'aa, chenye kitundu cha ufunguo na hakuna tundu jingine. "Mafuta yanatoka, hewa haiingii kushika nafasi yake," alisema. "Mwisho pampu inashindwa. Mkikaa, hewa inapenya kidogo kidogo, linawaka."

"Na mimi kila likija bandani," alisema Awadhi polepole, "kitu cha kwanza nafungua tangi, nipime mafuta. Kwa kelele za bandani, sauti hii sijawahi kuisikia."

"Ndiyo. Unalitibu bila kujua, halafu unaanza kutafuta ugonjwa." Lukasi alipiga makofi, akacheka mpaka akashika bampa. "Hata mimi ningefanya hivyo hivyo, bwana. Hata mimi!"

Stata ikapigwa, Landrova ikanguruma. Lakini Athuman hakucheka. Alikuwa anamtazama mkewe, na Mwaija alikuwa anatazama kifuniko.

"Kifuniko hicho nilikinunua mimi," alisema Mwaija. "Wezi walipotunyonyea mafuta. Niliambiwa ni cha Landrova. Dukani kulikuwa na vitatu, nikachagua kinachong'aa."

Mwaija alihisi uso unamwaka. Alingoja neno kutoka kwa mumewe, au kwa mdogo wake, aliyekuwa na haki zaidi. Awadhi akakishika kifuniko tena, akakipulizia vumbi.

"Ila kwa kung'aa, dada, hapo hukukosea," alisema.

Hapo Athuman akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka machozi, akaegemea mlango, na Mwaija naye akacheka, na mwendesha baiskeli aliyekuwa anapita akacheka bila kujua sababu.

Manundu, Lukasi alitoboa tundu dogo kwenye kifuniko kwa keekee, kazi fupi kuliko kuchemsha chai. Alidai malipo ya siku nzima, kwa sababu siku nzima walikuwa wamemchukua, na Mwaija alimlipa kwa furaha ambayo hakuwahi kuisikia akitoa hela. Jioni ile ile alimfuata Soila mpaka nyumbani kwake kumwambia.

*

Jumamosi Landrova ilitoka mbugani imeoshwa, imefungwa vitambaa. Naitoi alikaa mbele, gauni jeupe na kola pana ya shanga juu yake. Nyuma walijaa bibi zake, Soila, Koikai aliyevaa koti na shuka yake nyekundu juu ya koti, na Mwaija katikati yao. Njia ya Korogwe ilipita Chanika. Mwaija alishangaa mumewe alipoacha barabara, akasimamisha gari mbele ya banda la mabati.

Wauza mkaa walikuwepo. Vijana wa bao walikuwepo. Awadhi alikuwa amekaa kwenye boksi lake, amevaa shati safi, akijifanya hawasubiri. Athuman alishuka akiwa na kanzu yake, akaenda mpaka mbele yake, akamnyooshea ufunguo.

"Shemeji, endesha wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye fundi wa gari hili. Nilisema maneno hapa, watu hawa walisikia. Wasikie na hili." Kisha akaongeza, kwa sauti ya kawaida, "Tena mimi pale kilimani nitatetemeka."

Mzee mmoja wa mkaa akasema, "Chukua bwana, bibi harusi anangoja." Awadhi akauchukua.

Walikwenda wanaimba. Baada ya Sindeni nyimbo zikapungua zenyewe, sauti moja moja, mpaka kukawa kimya. Jua lilikuwa utosini. Soila alimshika Mwaija mkono na kuubana. Awadhi aliteremsha gia, Landrova ikapanda kilima bila haraka, ikafika juu, ikavuka, ikaanza kuteremka upande wa pili. Bibi mmoja akapiga kelele ya shangwe na wimbo ukarudi kwa nguvu zote, Athuman naye akiitikia kwa maneno ya Kimasai asiyoyajua.

Awadhi alikuwa amesahau dunia. Upepo ulijaa dirishani, sindano ya mwendo ikapanda, Korogwe ikawa inasogea. Naitoi alishika kola yake ya shanga isimpige kidevuni, akamgeukia.

"Mjomba, punguza mwendo," alisema. "Tutafika kabla ya bwana harusi."